William Holden: Nanyuki Ilimpoteza au Ilimwokoa?

Maiti inaelea kifudifudi kwenye bwawa la kuogelea, macho wazi, na anayetusimulia jinsi kijana huyo alivyofika hapo ni marehemu mwenyewe. Ndivyo inavyoanza Sunset Boulevard ya mwaka 1950, na sauti ile kavu ya mtu aliyechoka kujidanganya ni ya mwigizaji wa Marekani, William Holden. Miaka mitatu baadaye aliigiza mfungwa wa vita asiyeaminiwa na wenzake katika Stalag 17, akatwaa Oscar ya mwigizaji bora. Mwaka 1957 ikaja The Bridge on the River Kwai, na mkataba uliompa asilimia 10 ya mapato. Akawa tajiri hasa.

Ubishi unaanzia hapo. Mwaka 1959 alishirikiana na matajiri wengine wawili kununua hoteli huko Nanyuki, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, wakaifanya Mount Kenya Safari Club. Wapo wanaosema tangu siku ile Hollywood ilimpoteza: filamu zake nyingi za miaka ya sitini zilikuwa za kutafuta pesa tu, huku moyo wake ukiwa kwingine. Hata The Lion ya mwaka 1962, iliyopigwa Kenya kwenyewe, ina mandhari tele na uigizaji usioacha alama.

Kuhusu filamu hizo sibishi, ni dhaifu. Ila kosa wanalitwika Kenya bure. Holden alikuwa mlevi kabla hajawa na mali Nanyuki, na pombe ndiyo iliyomla. Mwaka 1966 aliendesha gari akiwa amelewa nchini Italia, akagonga gari jingine na dereva wa gari hilo akafa. Mahakama ilimpa kifungo cha nje cha miezi minane, adhabu ambayo kwangu ni nyepesi mno kwa roho ya mtu. Novemba 1981, akiwa peke yake katika nyumba yake kule Santa Monica, aliteleza akiwa amelewa, akajigonga kichwa kwenye meza ya kando ya kitanda, akavuja damu hadi kufa. Siku kadhaa zikapita kabla hajapatikana. Alikuwa na miaka 63.

Tena kazi zake mbili zenye uzito mkubwa zilikuja baada ya Kenya. Mtazame katika The Wild Bunch ya mwaka 1969: ule uso wa kijana mtanashati umekunjamana, macho yamezama, na kila anapopanda farasi unaona mtu anayeujua uzito wa mwili wake. Katika Network ya mwaka 1976 anaigiza mkuu wa habari za televisheni anayeagana na mpenzi wake. Hapandishi sauti. Anamweleza tu, polepole, jinsi kuishi naye kunavyomuua, na maneno yanauma zaidi kwa utulivu huo. Kijana wa mwaka 1950 asingeliweza hilo.

Upande wa Kenya ndio mgumu zaidi kwangu. Holden anasifiwa huko kama mlinzi wa wanyamapori, lakini mwaka 1959 hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni Waingereza mwaka 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Misitu ya mlima uleule ilikuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau, na maelfu ya wananchi walikuwa wametiwa kizuizini na kulazimishwa kuhamia vijiji vyenye ulinzi. Katikati ya hayo, matajiri wanafungua klabu yao wenyewe kwenye ardhi ya nyanda za juu zilizotengwa kwa wazungu. Anayemsifu Holden bila kulitaja hilo anaificha nusu ya habari.

Nusu ya pili nayo ni ya kweli. Holden, aliyekuwa mwindaji, alibadilika. Pamoja na mshirika wake Don Hunt alianzisha ranchi ya wanyamapori kando ya klabu, wakaanza kumzalisha bongo wa milimani, swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe ubavuni, aliyekuwa akitoweka katika misitu ya Kenya. Baada ya kifo cha Holden, mwenzi wake, mwigizaji Stefanie Powers, alianzisha mfuko kwa jina la marehemu mwaka 1982, na kikajengwa kituo cha elimu karibu na Nanyuki ambako wanafunzi hufundishwa kuhusu wanyama, maji na nishati.

Mimi naegemea upande wa kituo kile kuliko wa klabu. Klabu iliwafungulia milango wenye pesa. Kituo kinawapokea watoto wa shule za Kenya. Swali la ardhi linabaki palepale, na wenye haki ya kulijibu ni wenyeji wa mlima. Ila mwaka 2004, bongo 18 waliozaliwa katika bustani za wanyama za Marekani waliporudishwa kwenye nchi ya asili yao, walishushwa katika ranchi ileile ya Holden.