Mabao Yangu Yamebaki Vichwani mwa Watu Watatu

Mwanangu ana miaka 15 na wastani wake wa kupiga besiboli ni .211. Hata wewe uliyeko Songea, ukiamua kuutafuta kwenye intaneti, utauona. Mara 19 kasimama na gongo, mara 4 tu kaupiga mpira akafika salama kituo cha kwanza. Mama yake aliponiuliza kwa nini shule inaanika aibu ya mtoto wa watu hadharani, sikuwa na jibu.

Msimu wa kwanza hapa Columbus, Ohio, na mimi nilikuwa nanung'unika. Mchezo wenyewe sikuuelewa: Aprili baridi inauma, mabenchi ni ya bati, wachezaji wanasimama kuliko wanavyokimbia. Pembeni yangu mzazi mmoja kainamia simu, kila mpira ukirushwa anabonyeza. Programu yake inaitwa GameChanger. Mechi ikiisha, hesabu zote zimeshapanda. Ipo pia MaxPreps, ambako utakuta takwimu za shule za nchi nzima. Baadaye nikaelezwa kwamba kwenye besiboli anayeshindwa mara 7 kati ya 10 ni mpigaji hodari, basi ile .211 ikaacha kunitisha sana.

Kilichonigeuza kabisa ni warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Vijana wa sekondari walikuwa wakirushishwa mipira hadi viwiko vinaishia kwenye kisu cha daktari. Tangu 2017 kanuni za michezo ya sekondari zinalitaka kila jimbo liweke kikomo cha mipira anayorusha kijana mmoja, na siku za kupumzika baada yake. Sasa fikiria kocha mwenye uchu wa ushindi. Akitaka kumrudisha yule kijana kesho yake, wazazi wa timu pinzani wanayo hesabu mkononi. Idadi ikionwa na wote, mkono wa mtoto una walinzi wengi.

Mimi nilicheza UMISSETA mpaka ngazi ya mkoa. Nilifunga sana. Mangapi? Mwalimu wa michezo alikuwa nayo kwenye daftari lake, akahamishwa kituo, daftari likaondoka naye. Leo mabao yangu yanaishi vichwani mwa rafiki zangu watatu, na kila tukikutana yanaongezeka. Tunacheka, lakini siku ilipochaguliwa timu ya kwenda taifa nikaachwa, nafasi akapewa mtoto wa mtu, na sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha yeyote.

Na karatasi si jambo dogo. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa kuwa kumbukumbu za umri wao hazikulingana. Wenzao wa Lugazi walifika mwaka uliofuata, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. Wale wa 2011 uwanjani walishinda. Walikwama kwenye makaratasi.

Namba nazo zina ujanja wake. Anayebonyeza simu ni mzazi, na ni yeye anayeamua kama mpigaji kapiga vizuri au mdakaji kazembea, ambapo pigo halimpandishii mpigaji wastani. Akipiga mwanawe, ajabu, wadakaji huwa hawazembei. Halafu mwanzoni mwa msimu kijana akipata 5 kati ya 9 anasoma .556, baba yake anatembea kifua mbele wiki nzima. Mei ikifika hasikiki. Na makosa ya mtoto wa miaka 14, jina lake kamili pembeni, ningeyafuta yote. Hesabu ya mipira iliyorushwa ingetosha.

Nyumbani hatuhitaji hata programu. Netiboli inahesabika kwa kalamu: mipira aliyorusha golini, iliyoingia, tarehe, shule iliyopambana nayo. Ukipiga picha karatasi hiyo na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi siku hiyo hiyo, mwalimu ahamishwe kokote atakako.

Wiki iliyopita dada yangu alinipigia kwa furaha. Binti yake kang'ara kwenye mashindano ya wilaya.

"Kafunga mangapi?"

"Mengi!"

"Mengi mangapi, dada?"

"Wewe nawe, Umarekani umekuingia. Mengi tu!"