Tangi la Mtumba la Maji ya Chumvi Huoshwa na Mnunuzi

Gharama ya tangi jipya la samaki wa baharini, ukijumlisha pampu, taa, skima (kifaa cha kuondoa uchafu wa maji kwa mapovu) na kabati la kuliweka, inatosha kumkatisha mtu tamaa kabla hajaanza, na ndiyo maana wengi wetu tunaofuga samaki hawa, tuwe Mombasa, Dubai au Minneapolis, tulianza na vifaa vya mtumba. Mimi naunga mkono jambo hilo bila kusita. Kioo hakizeeki upesi, na skima nzuri iliyokwisha kutumika mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko mpya ya bei rahisi. Ninachokipinga ni desturi ya kuamini neno la muuzaji kwamba vifaa "vimeshaoshwa", kisha mnunuzi akavisuuza kwa maji ya moto tu na kujaza maji ya chumvi siku hiyo hiyo. Muuzaji ameosha ili mteja avutiwe. Mnunuzi anaosha ili kamba, konokono na matumbawe waweze kuishi humo, na kazi hiyo inadai uangalifu wa namna nyingine kabisa.

Kabla ya kushika sifongo, kuna swali ambalo mnunuzi anapaswa kuliuliza bila kuona haya: je, tangi hili liliwahi kutiwa dawa ya shaba? Ugonjwa wa madoa meupe wa samaki wa baharini, unaoletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, kwa miaka mingi umetibiwa kwa shaba, na mara nyingi shaba hiyo ni mrututu, ule ule ambao wakulima wanaujua. Kiwango cha tiba ni kidogo sana, takriban miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita moja ya maji, na samaki wengi hukivumilia. Lakini wanyama wasio na uti wa mgongo hawakivumilii. Kibaya zaidi, mawe na mchanga wa chokaa huinyonya shaba wakati wa matibabu, kisha huiachilia polepole baadaye, ndiyo maana mtu anaweza kuona kamba wake wakifa mmoja baada ya mwingine ilhali vipimo vingine vyote vya maji viko sawa. Muuzaji akijibu kwamba hajui, kwa sababu naye alilinunua kwa mtu, mimi huhesabu kwamba jibu ni ndiyo. Kioo na plastiki ngumu nitavichukua. Mawe na mchanga nitamwachia, hata akinipa bure.

Sasa tuje kwenye kuosha kwenyewe, ambako mpangilio ndio unaoamua kila kitu. Asidi hutangulia, klorini hufuata. Sababu yake ni kwamba tangi la maji ya chumvi hujenga ganda gumu la chokaa, jeupe pale maji yalipokuwa yakikauka ukingoni, na la waridi au zambarau pale mwani wa chokaa ulipoota. Vijidudu na mabaki ya uchafu hujificha chini ya ganda hilo, na klorini haiwezi kuwafikia ganda likiwa bado lipo. Siki nyeupe ya kawaida ya jikoni, au unga wa asidi ya limau ulioyeyushwa katika maji ya vuguvugu, hulila ganda hilo taratibu na kulilainisha mpaka linafutika kwa brashi. Wapo wanaosifu asidi kali ya kuoshea vigae kwa sababu inamaliza kazi kwa dakika chache. Mimi siishauri, hasa katika nyumba yenye watoto, kwa kuwa mvuke wake huunguza mapafu na siki iliyoachwa usiku kucha hufikia matokeo yale yale.

Pampu inahitaji subira kuliko kifaa kingine chochote. Ukifungua kifuniko chake utakuta rafadha ndogo iliyoshikamana na sumaku, na ukiivuta polepole ndipo utakapoona kilichokuwa kikiipa pampu ile mngurumo: ukoko wa chokaa uliozunguka mhimili, vijumba vyeupe vya minyoo vilivyojikunja kwenye ukuta wa chemba, pengine na gamba la konokono mchanga aliyenaswa humo. Vitumbukize vipande hivyo ndani ya siki na vitaanza kutoa mapovu papo hapo, kwa kuwa chokaa ikiliwa na asidi hutoa hewa ya kaboni dayoksidi. Vikisha kusafika, ichunguze sumaku kwenye mwanga mzuri. Ikiwa ganda lake la plastiki lina ufa, au limevimba, au lina alama ya kutu, pampu hiyo haifai tena, kwa sababu maji ya chumvi yataendelea kuila sumaku na metali itaingia katika tangi lako kila siku. Hapa hakuna usafi utakaosaidia.

Baada ya siki, vifaa vyote visuuzwe kwa maji mengi, tena na tena, mpaka harufu iishe kabisa. Nalisisitiza hili kwa sababu klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu ambayo inaweza kumdhuru vibaya mtu aliyejifungia bafuni na ndoo zake. Ndipo ichukuliwe jiki, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, isiyo na manukato wala sabuni, sehemu moja kwa tisa za maji, na vifaa vilowekwe humo, kazi ikifanyika nje penye upepo. Kisha visuuzwe, vitiwe dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki, na vianikwe mpaka vikauke kabisa, kwa sababu ukavu nao huua vimelea vingi. Tangi la akriliki, yaani plastiki angavu, lisiguswe kwa wembe wala dawa ya vioo yenye amonia. Mipira laini ya kupitishia maji, sifongo na hita ya kupasha maji joto, mimi siyachukui ya zamani bali hununua mapya. Hita iliyochoka inaweza kupasuka au kugoma kuzima, na fedha iliyookolewa hapo ni ndogo mno.

Kuhusu mawe nina neno moja zaidi. Wengine, wakitaka kuua anemoni wa Aiptasia, kiumbe msumbufu wa matangini anayeota upya kutokana na kipande kidogo tu cha mwili wake, huyachemsha mawe jikoni. Hilo lisifanywe kamwe. Baadhi ya zoanthidi, viumbe wadogo wa jamii ya matumbawe wanaoota juu ya mawe hayo, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana katika maumbile, na moto hauiharibu bali mvuke huibeba hadi puani. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, watu wa nyumba moja walipelekwa hospitalini pamoja na wazimamoto waliofika kuwasaidia, baada ya tangi la nyumbani kusafishwa. Jiki ndiyo inayoivunja sumu hiyo, na anayeyashika mawe ya namna hiyo avae glavu na miwani ya kinga, asiyasugue yakiwa makavu.

Yapo pia maji machafu yanayobaki. Mwaka 1984 mwani wa Caulerpa taxifolia, uliokuwa ukipamba matangi, ulionekana katika Bahari ya Mediterania mbele ya Monaco, kisha ukatawala maeneo makubwa ya sakafu ya bahari ile. Mwaka 2000 ulionekana katika wangwa wa Agua Hedionda huko California, na ilibidi ufunikwe kwa maturubai na kutiwa klorini kwa gharama iliyozidi dola milioni 7, hadi ilipotangazwa mwaka 2006 kwamba umekwisha. Mwani huu huota upya kutokana na kipande kidogo, na vipande vya namna hiyo ndivyo vinavyonasa kwenye mabomba na vikapu vya chujio tunavyonunua. Kwa hiyo maji ya kwanza ya kusuuzia, yale ya kabla ya siki, mimi huyatia jiki kwenye ndoo yake peke yake, nikayaacha usiku kucha, kisha nikayamwaga chooni. Mtaro wa barabarani katika miji yetu ya Pwani huishia baharini, na sioni haki ya mtu yeyote kupeleka huko mwani au kimelea asichokijua kilikotoka.