Radieta Mpya

Mimi sina ugomvi na gari lenyewe. Gari limezaliwa kabla yangu, limefanya kazi yake. Lingekuwa binadamu lingekuwa limekaa kibarazani sasa hivi linalalamikia magoti. Ugomvi wangu ni na mimi niliyekwenda kulitazama saa kumi na mbili jioni, manyunyu yakianguka.

Sikieni hili hata kama hamtasikia jingine: gari bovu likilowa linang'aa lote. Mabonde huyaoni, mawimbi ya puti, ile lipu ya kuzibia bodi, huyaoni, hata mlango uliopakwa rangi ya debe jingine unafanana na wenzake. Gari la zamani linatazamwa mchana, jua likiwaka, likiwa kavu. Mimi nilikwenda jioni, na nilikwenda na mapenzi. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ya bluu, taa zake mbili zinanitazama kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Nikaisha.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja mpole, sauti ya kuombea dua. "Mwanangu," akaniambia, "hili halina tatizo. Hata radieta nimeweka mpya juzi." Nikatikisa kichwa kijuaji, tukapeana mikono.

Siku ya tatu ndipo nilipoambiwa kwamba injini ile iko nyuma na inapozwa kwa upepo wa feni. Magari ya aina hiyo yametengenezwa zaidi ya milioni 21, la mwisho likatoka mwaka 2003, na hakuna hata moja lililotoka kiwandani na radieta, kwa sababu radieta ni ya kupozea maji ya injini, na injini hii haina maji. Mpaka leo nikilala najiuliza: yule mzee aliifunga wapi?

Tena nilimkuta ameshaliwasha. Injini ya moto kabisa. "Nimekupashia usipate taabu." Na mimi nikamshukuru! Injini ikishapata moto inasahau magonjwa yake. Ile ya baridi ndiyo inayosema kweli: inavyogoma kuwaka, inavyogonga, na ule moshi wa bluu wa kwanza unaokwambia oili inaungua ndani. Siku hizi nikisindikiza mtu kununua, naweka kiganja juu ya injini kwanza. Ikiwa ya moto, tunakaa. Tunaulizana habari za wazazi, za mifugo, za marehemu, mpaka ipoe.

Basi, akaja shemeji yangu. Huyu hana gari, hajawahi kuwa na gari, lakini alikuja na sumaku ndogo ameifunga kitambaa laini ili isikwaruze rangi. Akaiweka juu ya boneti, ikanata. Akaiweka katikati ya mlango, ikanata. Akaishusha chini ya mlango, pale kwenye kizingiti, ikadondoka. Akaiokota. Ikadondoka. Akageuza bisibisi, akagonga kwa mpini: huku juu inalia ngaa, kule chini inasema pu.

"Shemeji," akasema, "hapa hujanunua gari. Umenunua ukuta."

Puti tupu, imejazwa na kupigwa msasa kama nyumba inayosubiri wageni. Na kwenye gari hili vile vizingiti si pambo. Ndani yake ndimo inamopita hewa ya moto kutoka kwenye injini, tena ndivyo vinavyoshikilia bodi isilegee. Vikioza, ukipiga jeki milango inakataa kufunga. Yangu ilikataa. Ndiyo maana nasema injini mbovu isiwatishe sana, kwa sababu injini inashushwa, inafunguliwa, inafungwa upya, na kwenye gari hili inashikwa na boliti nne tu. Bodi iliyooza ni kukata na kuchomelea, kukata na kuchomelea, na kila ukikata unakuta kuna pa kukata zaidi.

Tukainua siti ya nyuma. Betri inakaa chini yake, na miaka yote hiyo tindikali imekuwa ikila sakafu taratibu. Nilitazama chini nikamwona siafu anapita barabarani. Si ndani ya gari, barabarani! Na kile kifuniko cha betri hakikuwepo. Msikicheke kifuniko hicho. Mtu mzito akikaa, springi za siti zinashuka, zinagusa vichwa vya betri, cheche, kisha siti inashika moto mtu akiwa amekaa. Nikapiga marufuku mjomba wangu kukaa nyuma. Nilimweleza kwa adabu, nikamtajia volti na springi, lakini yeye alisikia neno moja tu, "mzito". Amenuna hadi leo.

Matairi nayo. Meno yamejaa, mazuri, nikayasifu mbele za watu. Shemeji akachuchumaa na tochi. Tairi limeandikwa ubavuni lilipozaliwa: tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Yangu yalikuwa na tarakimu tatu. Tatu ni za kabla ya mwaka 2000. Nilikuwa natembelea matairi yanayomzidi umri mwanangu.

Lakini hayo yote ni maziko ya kawaida. Kilichotaka kunitia wazimu ni stata, ile mota inayoizungusha injini ili iwake.

Unazungusha ufunguo, gari linasema ka. Siku nyingine linajivuta, ka-a-a-a, kama mtu anayeamshwa kwa nguvu, halafu linanyamaza. Na gari bovu likisimama barabarani, mtaa mzima unahitimu udaktari. Wa kwanza akasema betri. Nikapima: volti 12.6, imejaa tele. Wa pili akasema stata, nikanunua stata. Wa tatu akasema kabureta. Yupo mtu wa hivyo kila mahali, hata tairi likipata pancha yeye atasema kabureta. Nikanunua kabureta. Wa nne plagi, wa tano koili. Spea za zamani zote nikatupa, kumbe zilikuwa nzima. Nilikuwa nampa mgonjwa dawa za duka zima kabla hata ya kumuuliza anaumwa wapi.

Aliyegundua ni mke wangu, tena hakukusudia. Nilikuwa napiga stata, yeye amesimama mlangoni anasubiri kunicheka. "Baba watoto, mbona hapo kwenye mguu wako pananuka plastiki?" Nikabonyeza pedali ya mafuta, ngumu. Nikagusa waya wake kule nyuma kwenye kabureta, wa moto.

Hapo nikampigia fundi mmoja, mtu wa maneno machache. Akasema, "Tafuta mita. Iweke volti 20 za betri. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Piga stata. Isizidi nusu volti." Akakata simu.

Nikapiga, mke wangu akashika mita. "Nne na ushee," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto wa jirani.

Injini na gia boksi vimekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Kinachouunganisha mzigo huo na fremu ni mkanda wa nyaya zilizosukwa, mfupi, uko kule mbele ya gia boksi ambako hakuna anayechungulia. Wangu ulikuwa umebaki nyuzi tatu na kutu. Umeme wa stata ni mwingi na lazima urudi kwenye betri, kwa hiyo ukikosa njia kuu unapita uchochoroni. Uchochoro wenyewe ulikuwa waya wa pedali ya mafuta. Nati mbili, msasa kidogo mpaka chuma king'ae pande zote, mkanda mpya. Likawaka mara moja. Nilikaa ndani ya gari na stata mpya, kabureta mpya, plagi mpya na koili mpya, nikalia kidogo.

Breki nilimaliza mwezi uliofuata, ingawa ndizo zilipaswa kuwa za kwanza. Mafuta yake yanavuta unyevu, na haya yalikuwa na rangi ya mtaro. Sasa linasimama. Linawaka. Limebaki jambo moja dogo.

Tairi la akiba, lile linalolala mbele chini ya boneti, lilikuwa linapungua upepo kila wiki. Nimelipeleka kwa mziba pancha mara tatu. Ameliloweka kwenye beseni, amelizungusha, hakuna povu hata moja. Mara ya tatu alinitazama kama mtu anayemfuata kwa sababu nyingine. Kumbe maji ya kuoshea kioo kwenye gari hili hayana pampu. Yanasukumwa na upepo wa tairi la akiba kwa mpira mwembamba, na kuna valvu inayopaswa kufunga upepo ukishapungua. Yangu haifungi.

Bado nikajiuliza: kioo chenyewe mbona hakioshwi? Jana nikatoka polepole nikachungulia. Mwanangu yuko kwenye usukani, ulimi nje, ametumia pini kugeuza tundu la maji liangalie pembeni. Mjomba, ambaye hatimaye alikuwa amekubali kuja kutusalimia, alikuwa ndiyo kwanza anafungua geti.