Kufua tunajua, kazi iko kwenye kukausha

Mwezi wa nne mwaka huu blanketi la mteja wangu mmoja lilikaa kwenye kamba siku nne. Asubuhi naanika, ikifika saa tano wingu linashuka kutoka mlima Loleza, hapa kwetu Mbeya, natoka mbio kuanua. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya nne nikanusa pindo lake nikajua limeshaanza kuvunda. Nikalirudia upya, kwa sabuni yangu na maji yangu, na mteja sikumwongezea hata senti, maana mvua hakuileta yeye.

Nalikumbuka blanketi hilo kwa sababu ya kijana mmoja, mtoto wa jirani, anayesoma chuo kule Iyunga. Alikuja jioni na simu mkononi. "Shikamoo mama. Naomba uniangalizie kitu." Ilikuwa video ya jiji moja kubwa la Marekani. Ukumbi mrefu, mashine za kufulia zimepangwa pande zote mbili, watu wanatumbukiza sarafu na kukaa kwenye viti kusubiri. Usiku mwenye biashara anapita na funguo, anafungua vikasha kimoja kimoja na kuzoa fedha. Kijana anataka kufungua ukumbi kama huo hapa mjini, mtaa wa Kabwe. Ana akiba kidogo, na mjomba wake amekubali kumwongezea. Kwa kuwa mimi nafua nguo za watu hapa Soweto, mwaka wa sita sasa, akaona aanzie kwangu.

Sitaki kumkatisha tamaa, na vijana wenye wazo kama lake Mbeya na Iringa ni wengi. Lakini ile biashara aliyonionyesha imesimama juu ya mambo ya kule, na asipoyatazama hayo kwanza, fedha ya mjomba itazama.

Chukua historia yake. Ukumbi unaotajwa sana kuwa wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1934 huko Fort Worth, Texas. Ulikuwa na mashine nne tu, na mtu alikodi kwa saa. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya, mashine ya umeme watu wanaitamani lakini hawawezi kuinunua, basi mwenye mashine akawauzia saa. Leo katika jiji kama New York watu wana fedha, ila hawana mahali. Wanaishi kwenye ghorofa, nyumba nyingi ni za zamani, mabomba yake hayakutengenezwa kwa mashine ya kufulia kila chumba, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kuiingiza. Uwanja wa kuanikia hakuna. Hata nje ya miji, penye nyasi na jua, kuna mitaa mingi ambayo umoja wa wakazi wake unakataza kamba ya nguo kwa sababu eti inaharibu sura ya mtaa, mpaka majimbo kama Florida yakaweka sheria ya kumlinda mwenye kutaka kuanika. Mtu wa namna hiyo nguo zake atazibeba tu kwenda ukumbini. Na mashine ya kukaushia anayoikuta pale, mara nyingi inachoma gesi asilia inayofika kwa bomba hadi ukutani.

Sasa tazama kwetu. Ua gani wa Ilemi au Uyole hauna kamba? Beseni lipo, bomba au kisima kipo, na kama wa nyumbani hana nafasi, yupo mama anayepita kufua kwa siku. Gesi ya Songo Songo na ya Mtwara bomba lake linaelekea Dar es Salaam. Huku Nyanda za Juu gesi tunaipata kwa mtungi. Sarafu yetu kubwa ni ya 500, utatumbukiza ngapi? Na kuna jambo ambalo kijana alikuwa hajaliwaza kabisa: nguo za ndani. Kwetu mtu mzima anafua zake mwenyewe, na hawezi kuzitoa kwenye mfuko mbele ya watu asiowajua akakaa anazitazama zikizunguka kwenye kioo. Anayekuja kwangu analeta mashuka, jinzi, makoti, mablanketi. Anaacha, anaondoka, anarudi zikiwa zimekunjwa. Ule ukumbi wa viti Kabwe ungekaa mtupu.

Ndiyo maana nikamwambia, mwanangu, Mbeya kufua tunajua. Kinachotushinda ni kukausha. Kuanzia mvua za mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa nne, wakati mwingine wa tano, mama mwenye watoto watatu wa shule ana kamba ya sare ndani ya sebule, juu ya makochi. Tukuyu ndiko usiseme. Watu wanavaa soksi mbichi kwenda kazini. Hapo ndipo mtu anatoa fedha bila kuombwa mara mbili.

Ila kukausha ni ghali, na wengi wanaanguka hapo. Kwa kiwango ninacholipia mimi, LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi inanipa uniti 28 na kidogo, yaani uniti moja ni kama shilingi 356. Mashine ya kawaida ya kukaushia kwa umeme, ya kilo nane, inakula uniti nne mpaka tano kwa mzigo mmoja. Hiyo ni shilingi 1,400 hadi 1,800 ya umeme peke yake, kabla ya pango, sabuni, maji na mtu wa kukunja. Zipo zinazotumia tena joto lao lenyewe, zinakula karibu nusu ya hapo, lakini bei ya kuzinunua iko juu na zinachelewa. Anayekimbilia kununua ya bei rahisi anailipa kila siku kwenye mita.

Kitu kilichonifungua macho ni mzani. Jumamosi moja baada ya mazungumzo yale kijana alikuja nao, ule wa kupimia mahindi. Tulichukua blanketi la kitanda kikubwa, likiwa kavu lina kilo mbili na robo. Tukalifua kwenye beseni, kisha yeye akashika ncha ya huku na mimi ncha ya huko, tukalisokota mpaka viganja vikawaka. Maji yakaacha kutiririka, yakabaki matone. Tukalipima: kilo tano na nusu. Maana yake zaidi ya lita tatu za maji zilikuwa bado mle ndani, nasi tuliamini tumelimaliza. Tukaliingiza kwenye mashine yangu tukaweka kukamua tu, mzunguko wa juu kabisa. Dakika kumi. Likatoka na kilo tatu na nusu.

Lita mbili zimetoka kwa kuzungushwa, na umeme uliotumika haufiki hata robo uniti. Zile lita mbili ungetaka kuzitoa kwa joto, kila lita inadai si chini ya uniti 0.6 kwa hesabu ya kitabuni, na kwenye mashine yenyewe inakaribia uniti nzima. Karibu shilingi 700 imebaki mfukoni kwa blanketi moja. Kijana akakaa kimya, kisha akauliza kwa nini hakuna anayeuza kukamua tu. Swali zuri mno. Mama aliyefua nyumbani kwake anaweza kuja na beseni la nguo mbichi, akakamuliwa kwa fedha kidogo, akaondoka na nguo zitakazokauka jioni ile ile hata kukiwa na wingu. Ukinunua mashine ya kufulia, basi, angalia inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ya 800 na ya 1,400 zinafanana dukani, lakini nguo zinatoka tofauti kabisa.

Na joto tusilione kama siri ya wazungu. Nyanda hizi zinaishi kwa kukausha. Chai ya Rungwe inakaushwa kwa hewa ya moto, tumbaku ya Chunya inakaushwa kwenye mabani, vile vibanda vya moto, pareto hivyo hivyo haiuziki mbichi. Wazee wetu wanajua hewa lazima iingie chini na itoke juu, na kwamba joto bila upepo linapika tu. Nguo nazo ni hivyo hivyo. Chumba chenye paa la nailoni ya kitalu nyumba, kamba zilizoachana vizuri, matundu chini na juu, na feni moja ya kusukuma hewa, kitakausha nguo zilizokamuliwa vizuri hata jua likiwa la kuchungulia. Siku ya ukungu mzito hakitatosha, na hapo ndipo mashine ya umeme iingie kumalizia. Imalizie tu.

Kuna anayesema kiangazi kikifika biashara inakufa. Ni kweli kukausha kunapungua. Lakini mwezi wa sita na wa saba ni baridi, kila kitanda kina mablanketi mawili matatu, na baadaye vumbi la mwezi wa tisa halimwachi mtu na shati jeupe. Kisha zipo gesti. Barabara ya Zambia inapita katikati yetu, malori ya kwenda Tunduma hayalali, madereva wanalala, na shuka la gesti linabadilishwa mvua iwepo isiwepo. Ningekuwa ninaanza leo ningezungukia gesti kumi kabla ya kununua hata bomba. Gesti tatu zikikubali, una kazi ya kila siku. Malipo yao yanachelewa, hilo ulijue, andikiana nao.

Mengine ni ya kawaida: simtanki kubwa, kifaa cha kutuliza umeme maana ukipungua nguvu unaunguza sakiti, na usikubali sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono kwenye mashine ya mlango wa mbele, povu litakufuata sakafuni.

Ninachokisikitikia zaidi katika mazungumzo ya biashara hii ni namna wanawake wanaofua nyumba kwa nyumba wanavyotajwa kama kikwazo. Kijana naye alianza hivyo, "mashine zitawaondoa". Kwa nini tuwaondoe? Wateja ni wao. Wanajua nyumba gani ina mgonjwa kitandani na nyumba gani ina mapacha. Wanajua kutoa doa la parachichi na la mafuta ya mawese kuliko mashine yoyote niliyowahi kuitazama. Wanachopoteza msimu wa mvua ni siku za kazi, kwa sababu mwenye nyumba anawaambia "usije, hazitakauka". Siku hizo wanalala bila fedha. Ukiwapa mahali pa kukamua na kukausha, wataleta nguo za mitaa mitano, na mikono yao itapumzika kusokota mablanketi. Nimeona mikono hiyo. Vidole vimepinda wakiwa na miaka arobaini.

Chumba changu kinajengwa sasa nyuma ya duka. Fundi amesimamisha nguzo, nailoni ipo stoo, nataka kiwe tayari kabla ya mvua za kwanza. Kijana ameacha habari ya Kabwe kwa sasa, anatafuta chumba karibu na mabweni, penye ua, na mzani wake ameniazima. Juzi mama mmoja wa Ilemi aliyekuwa akipita alisimama kuangalia nguzo, akaniuliza kama atakuwa anaruhusiwa kuleta nguo za wateja wake. Nikamwambia alete, alipe kwa kilo, tukizipima zikiwa kavu. "Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, kisha akaingia ndani akapima kwa hatua zake kutoka ukuta hadi ukuta. Kamba mbili za kwanza, zile za karibu na feni, nimemwekea yeye.