Kodi ya Mei italipwa na nani?

Ukikaa barazani Mji wa Kale, Mombasa, jioni, utasikia kauli mbili kuhusu talaka. Moja husema nyumba zinavunjwa na ufukara. Nyingine husema zinavunjwa na pesa ya mwanamke: akianza kupata chake, mume hana tena sauti.

Ya kwanza ina uzito. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mke ambaye mumewe ameshindwa kumpa masurufu anaweza kwenda kwa kadhi kuomba fasakhi, yaani kadhi aivunje ndoa. Na Mombasa riziki hukatika ghafla. Korona ilifunga hoteli za Nyali na Bamburi mwaka 2020. Kabla ya hapo, makontena ya bara yalipohamishiwa reli ya SGR, madereva wa malori na matanboi (wasaidizi wao) wengi wa Changamwe na Miritini walibaki bila kazi.

Hata hivyo, naona kipato kidogo kinachojulikana hugombanisha watu kwa nadra kuliko tunavyodhani. Kinachochosha ni kipato kinachopanda na kushuka. Mke wa bawabu anajua mwisho wa mwezi utaleta nini, akapanga unga, kodi na karo. Mhudumu wa hoteli hujaa tipu Desemba, kisha mvua za masika zikianza anapewa likizo bila malipo. Mke aliyezoea mkono wa Desemba humshuku mume wa Mei kwamba anaficha. Wakati mwingine anaficha kweli, na pesa imeishia kwenye muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha.

Kauli ya pili inaniudhi, ila ina jambo ndani yake. Kidini pesa ya mke ni yake, na masurufu ni wajibu wa mume. Mume akikwama, mke akaamka alfajiri kukaanga mahamri, au akaenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, anabeba mzigo usio wake. Mume atasema "ananisaidia kidogo", hata kama kodi ya miaka mitatu imetoka kwa mke. Mke naye anahesabu kimyakimya, na siku ya ugomvi hesabu yote hutolewa, mpaka bei ya mafuta ya kupikia. Hapo watu husema pesa imempa kiburi. Mimi nasema amechoka kutoshukuriwa.

Sheria ya Mali ya Wanandoa ya Kenya ya mwaka 2013 inatambua hata kazi za nyumbani kuwa mchango, na Waislamu wanaruhusiwa kufuata sheria yao ya dini. Lakini sheria zote mbili hufika wakati nyumba imeshavunjika.

Siku ya posa wazee hujadili mahari kwa saa nzima. Natamani mmoja wao aulize pia: Mei hoteli ikipunguza watu na mke akalipa kodi, hiyo itakuwa sadaka yake, au deni la mume?