Boila ya kuni na tundu la kupimia moshi

Mwenye kiwanda kidogo Changamwe, Mombasa, akitakiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, apime moshi wa boila yake, shida huanzia kwenye dohani. Dohani nyingi za zamani hazina tundu la kupimia, na tundu halitobolewi popote. Linahitaji mahali moshi umetulia: mara nane ya kipenyo cha bomba kutoka kona ya mwisho, mara mbili kabla ya mdomo. Bomba la nusu mita basi linadai mita tano zilizonyooka. Pakipungua, mpimaji anaruhusiwa kusogea, lakini atachukua sampuli kwenye nukta nyingi zaidi, na muda huo unalipiwa. Bado jukwaa, ngazi na maabara. Gharama hizo hazijui kama boila hutoa tani moja ya mvuke kwa saa au kumi, ndiyo maana mdogo ndiye anayelia.

Na analia kwa haki. Moshi mweusi wa kuni mara nyingi dawa yake iko uani. Kuni mbichi zinaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Moto unahangaika kuyakausha badala ya kuchemsha boila, na masizi yanapaa. Banda la paa lililo wazi pembeni, hasa wakati wa masika, pamoja na kufungua hewa ya kutosha kwenye tanuri, husaidia kabla hujanunua chochote. Mkaguzi angeweza kuyaona hayo kwa nusu saa. (Wauza vichujio vya moshi hawatakwambia. Kichujio cha mifuko chenyewe, boila ikiwashwa baridi, hupata unyevu, vumbi likagandamana kama uji na mifuko ikaziba.)

Ila jicho lina mwisho wake. Owino Uhuru, jirani na Mikindani, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya madini ya risasi mwilini, na mvuke wa madini hayo hauonekani kama masizi ya kuni. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi, na NEMA imo miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Pale kosa lilikuwa ulegevu, si ukali.

Kwa hiyo ukubwa wa biashara ni kipimo kibovu cha kuamua nani abanwe na nani apewe muda. Mwenye kuni apewe miezi ya kujenga banda, aangaliwe tena. Anayeyeyusha betri, hata awe na kibanda kidogo kuliko cha viazi karai, apimwe kabla ya kuwasha moto wa kwanza.