Gramu 300 za Misuli na Sahani ya Omena

Kijana mmoja jirani yangu hapa Kondele, Kisumu, huamka saa kumi na moja alfajiri, hukoroga unga wa protini kwenye chupa ya maji, huunywa akiwa amesimama, kisha huyo jimu. Jioni anakula ugali na sukuma tupu, kwa kuwa mkebe wa ule unga umemaliza pesa za kitoweo. Mama yake anamwambia unga huo utamharibia figo. Yeye anajibu kwamba bila unga atabaki mwembamba vilevile.

Kijana ana hoja. Misuli hujengwa kwa protini, na anayenyanyua vyuma anahitaji kupita ile gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili anayoshauriwa mtu mzima wa kawaida. Unga wenyewe si sumu. Mwingi hutokana na maji ya maziwa yanayobaki jibini ikitengenezwa. Kuhusu figo, mwenye figo zenye ugonjwa ndiye anayepaswa kumwona daktari kwanza.

Ila kuna hesabu moja ambayo sikuachi upite bila kuisikia. Mwaka 2018 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 49, zenye watu zaidi ya 1,800 waliokuwa wakinyanyua vyuma. Walioongezewa protini waliwapita wenzao kwa wastani wa gramu 300 za mwili usio na mafuta. Gramu 300! Mpimie mtu nyama ya kiasi hicho pale soko la Kibuye uone atakavyokutazama. Sisemi ni bure, maana mazoezi yenyewe yalileta kilo moja na ushei tu. Lakini hiyo kilo ilitoka kwenye vyuma, na mtu aliyefikisha gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku hakuonekana kupata misuli zaidi kwa kuongeza protini.

Sasa tumpigie hesabu kijana wa kilo 70: kufikisha hiyo 1.6 anahitaji gramu 112 kwa siku. Mayai mawili, 12. Vikombe viwili vya maziwa, 16. Sahani ya maharagwe, 20 hivi. Ugali wa siku nzima, karibu 20 nyingine, na maharagwe yanaziba pengo la protini ya mahindi. Gramu 100 za omena kavu, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, 50 na zaidi. Ameshapita, na mkebe haujafunguliwa.

Tatizo ni kwamba omena tumeipa jina la chakula cha shida. Yule kijana aliniambia waziwazi, "Mzee, hiyo ni ya wakati mfuko umetoboka." Samaki mdogo anayeliwa na mifupa yake, akioshwa kwa maji ya moto mpaka mchanga uishe, akakaangwa na nyanya na kitunguu! Sehemu kubwa yake inasagwa kuwa chakula cha kuku, halafu sisi tunalinunua yai. Nakubali kuna ugumu: kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa na bei ya gorogoro hupanda. Na anayetoka kazini usiku hana muda wa kuchambua omena, kwa hiyo unga unamfaa.

Halafu kuna uzito. Mwaka 2012, Marekani, watu 25 walilishwa kupita kiasi kwa wiki nane. Waliopewa protini kidogo waliongezeka kilo 3 hivi, wengine, waliopewa ya kawaida au nyingi, kilo 6 hivi. Ukitazama mizani utasema wa kwanza ndio waliofaulu kutonenepa. Kumbe mafuta yaliongezeka karibu sawa kwa wote. Wale wa protini kidogo walikuwa wamepoteza nyama ya mwili. Mafuta yaliletwa na wingi wa chakula. Uzito hausogei bila chakula cha kutosha, kwa hiyo kijana anayenyanyua vyuma na kilo hazisogei, mara nyingi amepungukiwa na chakula chenyewe, na unga uliokorogwa kwa maji hauwezi kushika nafasi ya kiamsha kinywa.

Juzi nilimkuta kibandani akiagiza ugali sukuma. Sufuria ya omena ilikuwa ikichemka pembeni, sahani ikiuzwa bei isiyofika hata ya vijiko viwili vya ule unga wake. Nikamwambia aongeze. Akasita, akatazama kama wenzake wa jimu wapo, kisha akasogeza sahani.